Diski ya 8 TB inayoongeza 4 tu: hesabu ya kuchanganya diski kwenye NAS ya nyumbani

Chukua NAS ya nyumbani, yaani boksi la kuhifadhi faili linalounganishwa na mtandao, yenye vyumba vinne vya diski. Ndani mna diski tatu: moja ya 2 TB iliyong'olewa kwenye kompyuta ya zamani, na mbili za 4 TB. Nafasi imekwisha. Mwenye NAS ananunua diski ya 8 TB, anaichomeka kwenye chumba cha nne, anasubiri siku nzima mfumo ujipange, kisha anafungua ukurasa wa hifadhi akitarajia kukuta 8 TB za ziada. Anakuta 4. Na kama alipanga diski zake kwa RAID 5 ya kawaida, njia ya zamani ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja yenye ulinzi, anakuta 2. Diski ni nzima na muuzaji hakumpunja. Hesabu ndiyo ilivyo, na ni afadhali kuijua kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini diski kubwa haihesabiwi

NAS inayolinda data inatoa ahadi moja: diski yoyote ikifa, hakuna kinachopotea. Sasa tuseme inayokufa ndiyo ile kubwa kuliko zote. Kila kilichokuwamo lazima kifufuliwe kutoka kwenye zilizobaki, hivyo data yote haiwezi kuzidi ukubwa wa hizo zilizobaki. Hakuna programu inayoweza kuikwepa hoja hiyo. Jumlisha diski zote, toa kubwa kuliko zote. Kinachobaki ndicho dari.

Kwa zile tatu za mwanzo, 2+4+4 ni 10, toa 4, zinabaki 6. Ukiongeza ya 8, jumla ni 18, toa 8, zinabaki 10. Umelipia 8 ukapata 4, yaani ukubwa wa ile iliyokuwa kubwa zamani: yenyewe imefunguliwa kubeba data, na mgeni kachukua mzigo wa ulinzi. Lakini tazama hatua inayofuata. Ukiitoa ile ya 2 ukaweka ya pili ya 8, jumla inakuwa 24, toa 8, unabaki na 16. Safari hii hakuna hata TB moja iliyoliwa: imeingia 8, imetoka 2, zimeongezeka 6 kamili. Kwa hiyo anayepanga bajeti apange kwa jozi. Mwenye uwezo wa diski moja tu mwaka huu anunue akijua kwamba faida yake kamili itafika siku ya kununua ya pili.

(Mfumo ukikuandikia 7.28 badala ya 8, hilo ni jambo jingine kabisa. Kiwandani TB moja ni baiti trilioni moja, ilhali Windows na mifumo mingine huhesabu kwa mafungu ya 1,024.)

Hiyo ndiyo dari. Utaikaribia kiasi gani, hilo huamuliwa na mfumo unaozichanganya hizo diski.

RAID 5: wote wanavaa kipimo cha mdogo

RAID 5 huzichukulia diski zote kuwa sawa na ile ndogo. Kwenye 2, 4, 4 na 8, kila moja inatumiwa 2 TB tu. Fungu moja ni la pariti, matatu ni ya data, unapata 6 TB, na 10 nyingine zimekaa bure ndani ya boksi zikizunguka na kula umeme. Pariti yenyewe haina uchawi. Ukijua namba mbili na jumla yake, moja ikipotea unaitafuta kwa kutoa. Diski hufanya hivyo hivyo kwa kila biti, isipokuwa hutumia hesabu ya XOR badala ya kujumlisha.

RAID 5 haina kosa lolote mahali ambapo diski zote zinanunuliwa siku moja kwa ukubwa mmoja. Nyumbani diski huja mojamoja kadiri pesa inavyopatikana, na hapo ndipo inapoanza kukupotezea.

SHR: kukata kwa tabaka

Synology, watengenezaji wa NAS, walilitatua hili kwa SHR (Synology Hybrid RAID), ambayo hukata diski kwa tabaka. Tabaka la chini linachukua 2 TB kutoka kila moja ya diski nne, linakuwa RAID 5 ya wanne, linatoa 6. Juu yake, diski tatu bado zina nafasi. Kila moja inatoa 2, inakuwa RAID 5 ya watatu, linatoka tabaka la 4 TB. Zinabaki 4 TB juu ya ile ya 8, hazina mwenza, kwa hiyo zinasubiri. Sita na nne ni kumi: umegusa dari. Siku diski ya pili ya 8 itakapoingia, zile 4 zilizosubiri zinapata mwenza na kuwa nakala pacha.

Ndani ya SHR mna zana za kawaida za Linux, yaani mdadm kwa tabaka na LVM ya kuzishikanisha. Hilo si jambo dogo. Boksi likiungua, diski zinaweza kuchomekwa kwenye kompyuta yenye Ubuntu na kusomwa. Waliokuwa na Drobo, NAS ya kampuni nyingine, walijifunza upande wa pili wa habari hiyo: boksi lao lilichanganya diski za ukubwa wowote vizuri sana, ila kwa mpangilio wa siri wa kampuni. Mwaka 2022 kampuni iliomba ulinzi wa muflisi, 2023 ikaingia kwenye ufilisi kamili, na diski hizo hazisomeki kwa zana za kawaida nje ya Drobo nyingine. Mfumo wowote unaoufikiria, uliza kwanza: boksi likifa, nitazisomea wapi?

SHR ina masharti ambayo watu huyagundua wakiwa wameshachelewa. Diski unayoongeza lazima iwe sawa na ile kubwa iliyomo au kuizidi, ama iwe sawasawa na mojawapo ya zilizomo. Kwa hiyo kundi lililoanza na 4, 4 na 8 halitaipokea 2 TB kamwe. Ilipaswa iwemo tangu siku ya kwanza. Kundi pia halipungui. Ukishaingiza diski ya nne huwezi kurudi kwenye tatu bila kuhamisha data yote na kuanza upya. Na kama ulichagua RAID 5 wakati wa kuwasha boksi mara ya kwanza, hakuna kitufe cha kuigeuza kuwa SHR.

Unraid na SnapRAID: kila diski na faili zake

Njia ya programu hizi mbili haikati diski vipande. Kila diski ya data ina mfumo wake wa faili, inasomeka peke yake ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine ya Linux, na diski moja ya pembeni inabeba pariti ya zote. Sharti ni moja: ya pariti isiwe ndogo kuliko diski yoyote ya data. Weka 8 kwenye pariti, 2+4+4 kwenye data, unapata 10, dari ile ile. Faida yake huonekana siku ya balaa kubwa. Diski mbili zikifa pamoja kwenye RAID 5 au SHR ya ulinzi wa diski moja, umepoteza kila kitu. Hapa umepoteza faili za hizo mbili tu.

Gharama yake ni kasi. Faili moja iko kwenye diski moja, kwa hiyo unaisoma kwa kasi ya diski moja. Kwa mtandao wa gigabiti moja, ambao hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, hutaliona hilo. Kuandika kwenye Unraid ndiko kunakouma, kwa sababu kabla ya kila uandishi mfumo husoma data ya zamani na pariti ya zamani ndipo uandike mpya zote mbili. Ndiyo maana watumiaji wake huweka SSD mbele ipokee faili mchana na kuzishusha kwenye diski usiku. Leseni ya Unraid hulipiwa.

SnapRAID ni ya bure, na kwa kawaida hufuatana na mergerfs, inayozionyesha diski zote kama folda moja. Usanidi wake ni mistari michache:

```
parity /mnt/pariti1/snapraid.parity
content /var/snapraid/snapraid.content
content /mnt/disk1/.snapraid.content
content /mnt/disk2/.snapraid.content
data d1 /mnt/disk1/
data d2 /mnt/disk2/
data d3 /mnt/disk3/
exclude /lost+found/
```

Na kwenye `/etc/fstab`:

```
/mnt/disk* /mnt/hazina fuse.mergerfs cache.files=off,category.create=mfs,minfreespace=50G,fsname=hazina 0 0
```

Hapo `mfs` inamaanisha faili mpya iende kwenye diski yenye nafasi kubwa zaidi wakati huo. Folda ya pariti imepewa jina lisiloanza na "disk" kwa makusudi, la sivyo mergerfs ingeimeza na watu wangeanza kuhifadhi sinema juu ya pariti.

Jambo la kuelewa vizuri kuhusu SnapRAID ni kwamba pariti haisasishwi papo hapo. Husasishwa unapoendesha `snapraid sync`, ambayo wengi huipanga saa tisa usiku. Faili iliyoingia saa nane mchana haina ulinzi hadi usiku huo, na hilo watu hulielewa haraka. Linalowaponyoka ni hili: ukifuta faili nyingi kutoka d1 mchana, halafu d2 ikafa jioni kabla ya sync, sehemu ya d2 haitafufuka, kwa sababu hesabu ya pariti ilihitaji zile faili ulizozifuta. Basi inafaa kwa picha, sinema, muziki na nyaraka ambazo zikishawekwa hazibadiliki. Hifadhidata na mashine pepe, ambazo huandikwa kila sekunde, zipelekwe kwingine. Kabla ya sync endesha `snapraid diff`. Ikikuambia faili elfu kumi zimefutwa na wewe hukufuta kitu, simama hapo hapo, maana sync ikipita umepoteza nafasi ya kuzirudisha.

btrfs na ZFS

Hii ni mifumo ya faili yenye ulinzi wa diski ndani yake. btrfs ya RAID 1, yaani ulinzi wa nakala mbili, haifungi diski mbili kuwa pacha wa kudumu. Kinachorudufiwa ni kila kipande cha data: nakala mbili, juu ya diski mbili zozote tofauti. Nafasi yako ni nusu ya jumla, ilimradi diski kubwa isizidi jumla ya zilizobaki. Ikizidi, nafasi ni jumla ya hizo zilizobaki. Kwa 2, 4, 4 na 8 unapata 9 TB, pungufu ya SHR kwa moja tu, na hapa unaweza hata kuitoa diski na kupunguza kundi kwa `btrfs device remove`. Mtego wake uko kwenye kuongeza. Kama diski za zamani zimejaa na umeongeza moja mpya, kipande kipya kinatafuta diski mbili zenye nafasi na kinaiona moja. Mfumo unasema hakuna nafasi huku TB nane ziko tupu. Dawa ni `btrfs balance start` baada ya `btrfs device add`, na hiyo huchukua saa nyingi. RAID 5 na 6 za btrfs zina kasoro zinazojulikana umeme ukikatika katikati ya kuandika, ziache.

ZFS ni hodari wa kugundua data iliyooza, lakini kwa diski mchanganyiko ni bahili. RAIDZ1, ulinzi wake wa pariti moja, hupima kwa ndogo, kama RAID 5. Njia nzuri nyumbani ni jozi za pacha, 4 na 4, halafu 8 na 8, zote ndani ya hifadhi moja: 12 TB. Tangu OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, unaweza kuongeza diski moja kwenye RAIDZ iliyopo, ila nayo isiwe ndogo kuliko zilizomo. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuandika `zpool add` ulipokusudia `zpool attach`. Ya kwanza huingiza diski kama kundi jipya linalojitegemea bila ulinzi, na kundi hilo likifa hifadhi nzima inakwenda nalo. Kwenye hifadhi yenye RAIDZ huwezi kulitoa tena. ZFS hukuonya na kukataa mpaka uongeze `-f`. Ukiona onyo hilo, usibonyeze chochote hadi uelewe.

Diski zipi zisichanganywe

Chapa tofauti si tatizo. Watengenezaji hufuata kipimo kimoja, hivyo diski ya 4 TB ya chapa yoyote ya siku hizi ina sekta 7,814,037,168 za baiti 512. Kuchanganya chapa kuna faida pia, kwani diski za kundi moja la kiwandani zina tabia ya kuchoka pamoja. Kasi tofauti hazidhuru. Kundi litakwenda kwa mwendo wa mvivu.

Linalodhuru ni SMR. Kwenye diski hizi mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa, kwa hiyo kubadilisha mmoja kunalazimu kuandika upya ya jirani. Kwa matumizi mepesi hutajua, kwa sababu diski huficha kazi hiyo kwenye eneo dogo la haraka. Eneo hilo likijaa, kasi inaporomoka, na kujenga upya diski iliyokufa ni kuandika mfululizo kwa saa nyingi bila kupumua. Aprili 2020 Western Digital walikiri kwamba WD Red za 2 hadi 6 TB zenye herufi EFAX ni SMR, ingawa ziliuzwa kwa ajili ya NAS. Baadaye jina WD Red Plus likatengwa kwa zile za CMR, yaani zenye mistari isiyolaliana. Barracuda ST4000DM004 na ST8000DM004 za Seagate ni SMR. IronWolf ni CMR. Kwenye SnapRAID diski ya SMR inavumilika upande wa data, lakini usiifanye ya pariti.

La pili ni ubishi wa diski za kompyuta ya mezani. Zikikuta sekta mbovu hung'ang'ania kuisoma, pengine kwa dakika nzima na zaidi. Linux husubiri sekunde 30, kisha huanza kuihesabu diski kuwa imekufa, na kundi huitoa ingawa ilikuwa na kidonda kimoja tu. Diski za NAS hukata tamaa baada ya kama sekunde 7 na kuiachia pariti kazi. Jaribu kuiwekea diski yako mpaka huo:

`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX`

Ikikataa, ongeza subira ya Linux yenyewe: `echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout`. Amri zote mbili husahaulika ukizima mashine, kwa hiyo ziweke kwenye hati inayojiendesha kila ikiwashwa.

Diski za mtumba zinataka macho. Saa za kazi ziko kwenye mstari wa 9 wa SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, na diski iliyotoka kwenye DVR ya kamera kwa kawaida haikuzimwa. Namba hiyo inaweza kurudishwa sifuri. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika kwamba diski za Seagate za seva zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya kufutwa saa zake, na zilizozifichua ni kumbukumbu nyingine za ndani ya diski. Kwa diski za Seagate zisome kwa `smartctl -l farm`, kuanzia smartmontools 7.4. Zikitofautiana sana na mstari wa 9, rudisha mzigo.

Waliobandua diski kutoka kwenye boksi la USB wategemee mikasa miwili. Baadhi ya maboksi hubadilisha namna sekta zinavyohesabiwa, kwa hiyo data inayosomeka kupitia USB haionekani kabisa diski ikichomekwa kwenye SATA. Hamisha data kwanza, ndipo ubandue. Na diski nyingine hazizunguki kabisa zikipewa volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya plagi ya umeme, kama pawasaplai nyingi za zamani zinavyofanya. Kipande cha utepe wa Kapton juu ya pini hiyo hutosha. Adapta ya Molex kwenda SATA nayo hutatua, ila epuka zile zilizomiminiwa plastiki kwa kuyeyushwa. Nyaya zake za ndani zikigusana hushika moto.

Siku ya kuongeza

Kagua diski zilizomo kabla ya kugusa mpya. Mistari ya 5, 197 na 198 ya `smartctl -a`, inayohesabu sekta mbovu au zenye mashaka, iwe sifuri. 199 ikipanda, mara nyingi shida ni waya wa SATA, wala si diski. Kisha endesha ukaguzi mzima wa data, scrub kama mifumo inavyouita. Sababu ni hii: kupanua mara nyingi kunasoma diski zote zilizomo, na kidonda kilichojificha kwenye picha usizozifungua kwa miaka mitatu kitajitokeza katikati ya kazi, na kama unabadilisha diski, wakati huo ulinzi uko chini.

Diski mpya ipimwe nje ya kundi kwa `smartctl -t long`. Kwa MB 180 kwa sekunde, 8 TB zinahitaji zaidi ya saa 12, na kujenga upya diski iliyojaa hakuwezi kuwa kwa haraka kuliko hapo. Andika namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski kwenye karatasi na uibandike mbele ya chumba chake; `/dev/sdb` ya leo inaweza kuwa `/dev/sdc` kesho, na wengi wamechomoa diski nzima wakaiacha mbovu ndani. Badilisha moja, subiri imalize, kagua, ndipo ya pili. Kwenye SHR anza na ndogo kuliko zote.

Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, usianze kazi ya saa 12 bila UPS yenye waya wa USB unaoiambia NAS izime yenyewe betri ikipungua. UPS isiyo na waya huo inaahirisha kishindo kwa dakika kumi tu.

Mwishoni unabaki na ile diski ya 2 TB mkononi. Usiiuze. Picha na nyaraka za familia mara nyingi zinaenea ndani ya 2 TB hata kama sinema haziingii. Ipime, ifomati, nakili humo vile visivyonunulika tena, na uipeleke ikakae kwa ndugu mtaa mwingine. Mara moja kwa mwezi iende nyumbani kwako, ipokee mapya, irudi. Virusi wanaofunga faili na radi inayopita kwenye nyaya huchukua diski zote nne za boksi kwa mkupuo. Hiyo ya tano haiko kwenye waya wowote.